Mgongo, goti, bega, mkono: tafuta chanzo kabla hujatafuta sindano

Malalamiko ya viungo tunayopokea sisi tunaofanya fiziotherapia (tiba ya viungo kwa mazoezi) hapa Tanga yanajirudia. Mama anayekaanga vitumbua Makorora, kijana wa bodaboda wa stendi ya Kange, kuli wa bandarini, mkata mkonge wa huko Amboni, mwalimu anayesimama ubaoni asubuhi mpaka mchana. Karibu wote wamepitia duka la dawa kwanza, wamechomwa sindano ya diklofenaki ya kutuliza maumivu, na wengi wanakuja na picha ya X-ray ndani ya bahasha. Ila hawajaulizwa maswali mawili: inauma saa ngapi, na ukifanya nini? Majibu ya hayo mawili, mara nyingi, yanasema mengi kuliko picha.

Nimepanga kwa dalili. Chini ya kila moja, chanzo cha kawaida kinatangulia na cha nadra kinafuata, na ukaguzi wa kufanya nyumbani unakuja kabla ya dawa na vipimo.

Kabla ya yote: haya hayasubiri kesho

- Mgongo unauma na umeshindwa kukojoa, au haja inatoka bila wewe kujua, au una ganzi sehemu za siri na matakoni, pale panapogusa kiti cha baiskeli. Mishipa ya fahamu ya mwisho wa uti imebanwa. Ni dharura ya upasuaji, na saa zinahesabika.
- Miguu inazidi kuishiwa nguvu siku hadi siku.
- Kiungo kimoja kimevimba, kina moto, hakikubali kusogezwa, na una homa. Usaha ndani ya kiungo hula gegedu, ule mfupa laini wa kiungo, kwa siku chache tu.
- Bega la kushoto, mkono au taya inauma pamoja na kifua kubana, jasho jembamba au kukosa pumzi. Huo ni moyo mpaka ithibitike vingine. Usichue.
- Nyama ya nyuma ya ugoko, mguu mmoja tu, imevimba na inauma, hasa baada ya safari ndefu, upasuaji au kujifungua. Huenda damu imeganda ndani ya mshipa, na hapo kuchua ni hatari kweli.
- Shingo imekakamaa, una homa kali na mwanga unakuumiza macho.
- Maumivu yameanza baada ya ajali au kuanguka kutoka juu, mfano kwenye mnazi. Kwa mtu mzima sana, hata kuteleza bafuni kunatosha kuvunja mfupa.

Haya yafuatayo si ya leo leo, lakini yasipite wiki: maumivu ya usiku yasiyopungua hata ukilala vipi, kukonda bila sababu, jasho la usiku, au mgongo kuanza kumuuma mtu aliyewahi kuwa na saratani. Saratani ya titi na ya tezi dume hupenda kwenda kwenye mifupa.

Kiuno na mgongo wa chini

*Misuli na kano zimelemewa.* Hiki ndicho chanzo cha wengi mno. Mkonge umelimwa mkoa huu tangu mwaka 1893, na mkataji bado anainama kwa kisu siku nzima. Ongeza anayepakia machungwa Muheza, anayefua nguo kwenye beseni lililo chini, anayekuna nazi amekalia mbuzi, magoti juu na mgongo umepinda. Maumivu haya hubadilika kwa mkao: ukiinama yanazidi, ukitembea au ukilala chali yanapoa. Yanaweza kushuka matakoni na nyuma ya paja, lakini kwa kawaida hayavuki goti.

La kufanya ni jepesi, na ndiyo maana watu hawaliamini. Usilale kitandani wiki nzima. Siku moja au mbili za kupunguza kazi zinatosha, kisha tembea kidogo kidogo mara nyingi, hata kama bado inauma kiasi. Kitambaa cha maji moto dakika 15 hadi 20 kinasaidia misuli kulegea. Lala chali, kunja magoti, nyanyua nyonga juu, hesabu hadi tano, shusha; rudia mara kumi, asubuhi na jioni. Wengine hupata nafuu kwa kulala kifudifudi na kujiinua kwa viwiko. Chagua mkao unaopunguza maumivu, achana na unaoyashusha mguuni. Wengi hupona ndani ya wiki sita.

Halafu badilisha kazi yenyewe, kwa sababu mazoezi ya robo saa hayashindi saa nane za kuinama. Beseni liweke juu ya stuli. Gunia libebwe na wawili, au libebwe karibu na kifua. Anayekuna nazi nyingi za biashara akae juu zaidi, au apeleke nazi kwenye mashine.

*Mshipa wa fahamu umebanwa au umeudhika.* Maumivu yanavuka goti hadi ugokoni au unyayoni, kama umeme, na yanazidi ukikohoa au ukipiga chafya. Jipime: tembea hatua kumi kwa visigino, kisha kumi kwa ncha za vidole. Mguu mmoja ukishindwa, mshipa umeathirika kiasi cha kuhitaji daktari wiki hii. Ukiweza vyote, hata kama yanauma vibaya, una nafasi kubwa ya kupona bila kisu ndani ya wiki 6 hadi 12. Diski (ule mto ulio kati ya pingili) iliyotokeza na kubana mshipa mara nyingi hunywea yenyewe.

*Mfereji wa uti umekuwa mwembamba.* Hii ni ya wazee, na Tanga tunaitambua kwa baiskeli. Mzee anaendesha kutoka Ngamiani hadi Raskazone bila tabu, lakini akienda kwa miguu msikitini hapo jirani miguu inakuwa mizito mpaka akae. Baiskeli humfanya ainame mbele, na kuinama hupanua mfereji. Asikatazwe baiskeli! Ndiyo zoezi lake.

*Viungo vya uti vimewaka na kuvimba kwa ndani.* Kijana chini ya miaka 45, maumivu yaliyoanza polepole, yanamwamsha alfajiri, kukakamaa zaidi ya nusu saa, na anapata nafuu akifanya kazi badala ya kupumzika. Haya hayafanani na yale ya misuli niliyoanza nayo; amwone daktari.

*Kifua kikuu cha mgongo.* Si cha kawaida, lakini nchini kwetu hakisahauliki. Maumivu ya wiki nyingi mahali pamoja, homa za jioni, kukonda, na baadaye kinundu kinachotokeza kwenye uti. Si lazima mtu awe anakohoa. Dawa za TB hutolewa bure, na zikiwahi huokoa miguu.

*Wala si mgongo.* Mkojo unaochoma pamoja na homa ni figo. Maumivu yanayofuata hedhi ni ya kizazi. Mwanamke aliyechelewa siku zake akapata maumivu makali ya chini ya tumbo na kizunguzungu aende hospitali mara moja, kwani huenda mimba imetunga nje.

Sasa hili la "pingili zimesagana". Mtu akishasomewa hivyo kwenye picha, anaacha kuinama, anaacha kubeba mjukuu, anatembea kama kabeba mayai. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulikusanya picha za watu wasioumwa mgongo kabisa: kati ya wenye miaka 20, asilimia 37 walikuwa na diski zilizochakaa, kati ya wenye miaka 80, asilimia 96. Hao hawana maumivu. Kwa hiyo picha yenye pingili zilizochakaa haijasema bado kwa nini wewe unaumwa. Picha ina kazi pale penye dalili za hatari nilizotaja juu, au pale upasuaji unapofikiriwa.

Na mikanda ya kiuno inayouzwa kila kona: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno haupendekezi mikanda kama tiba ya kawaida, wala kuvutwa mgongo kwa mashine. Unapendekeza elimu na mazoezi. Ukivaa mkanda siku ya kazi nzito na ukajisikia vizuri, sawa. Kuuvaa mwaka mzima ni kupoteza hela.

Goti

*Kuchakaa kwa kiungo.* Baada ya miaka 45 au 50, zaidi kwa wanawake na wenye uzito mkubwa. Linauma kwenye ngazi, kuchuchumaa chooni, kuinuka kwenye sijda. Asubuhi linakakamaa, lakini ndani ya nusu saa linalegea. Linalia kra-kra, mlio peke yake, bila maumivu, si ugonjwa.

Watu watasema ute wa goti umeisha. Mgonjwa atauziwa unga wa bamia, atashauriwa supu ya makongoro. Supu ni tamu, anywe, lakini utumbo huimeng'enya kama protini nyingine yoyote, hauna njia ya kuipeleka gotini kuwa ute. Na goti lililochakaa mara nyingi lina maji mengi kuliko kawaida; ndiyo maana huvimba.

Dawa ya goti hili ipo kwenye paja. Kaa kwenye kiti imara, simama bila kushika, kaa tena polepole. Fanya mara kumi, pumzika, rudia mara tatu. Kila siku, kwa wiki sita angalau kabla ya kusema haifai. Maumivu yakiongezeka kidogo wakati wa zoezi si vibaya, mradi kesho yake asubuhi yamerudi yalipokuwa. Uzito nao unahesabika kuliko watu wanavyodhani: kila kilo moja unayopunguza huondoa mzigo wa kama kilo nne gotini katika kila hatua. Fimbo ishikwe mkono wa upande wa goti zima. Wanaoshindwa kusujudu wana ruhusa ya kuswali wamekaa kwenye kiti. Sheikh wa msikiti wako atakueleza namna, na wala si jambo la kuonea haya.

Sindano ya steroidi, dawa ya kushusha uvimbe, ndani ya goti hutuliza kwa wiki kadhaa. Isirudiwe kila mara. Nafasi ya miezi mitatu ndiyo ya chini. Sindano za "ute wa bandia" ni ghali na faida yake ni ndogo. Likishindikana kabisa, kuna kubadilishwa goti, na hapo unazungumza na hospitali kubwa: MOI, taasisi ya mifupa ya Muhimbili, au KCMC ya Moshi.

*Maumivu ya mbele ya goti kwa vijana.* Kwa mji wa baiskeli kama huu, kagua kiti kwanza. Kikiwa chini sana goti hukunjwa kupita kiasi kila mzunguko. Pedeli ikiwa chini kabisa, goti lako libaki limekunjwa kidogo tu. Kuinua kiti hakugharimu kitu zaidi ya spana.

*Jeraha la mpira.* Uliligeuza goti mguu ukiwa umekita chini, ukasikia "pah", likavimba ndani ya saa chache: ukano wa ndani huenda umekatika. Goti linalogoma kunyooka kabisa, au linalojifunga ghafla, huenda lina gegedu iliyochanika. Yote mawili ni ya daktari wa mifupa. Usirudi uwanjani kwa kuhisi tu kwamba uvimbe umekwisha.

*Nyonga inayojifanya goti.* Mtoto anayechechemea na kusema goti linauma, na goti halina kitu, apimwe nyonga. Hili linasahaulika mno, na kuchelewa kunamgharimu mtoto maisha yote.

Mkono: gumba, kiwiko, ganzi

Nazi ni neema ya pwani, lakini mkono unailipia. Kuna kuifua kwenye kifuo, kuna kuikuna, kuna kukamua tui kwa kusokota kitambaa. Mama lishe anayekamua nazi kumi kila alfajiri ananiambia maumivu yako upande wa gumba, juu ya kifundo cha mkono. Jipime: fumbata gumba ndani ya ngumi, kisha inamisha ngumi kuelekea upande wa kidole kidogo. Ikichoma kama kisu, kano za gumba zimevimba ndani ya ala yake. Wazazi wapya huipata pia kwa kumnyanyua mtoto mikono ikiwa chini ya makwapa. Pumzisha gumba kwa banzi (kipande kigumu cha kulizuia lisicheze) wiki tatu hadi sita, tui lishindiliwe kwa kiganja ndani ya chujio badala ya kusokotwa, mtoto anyanyuliwe kwa kukingwa na viganja. Ikigoma, sindano moja ya steroidi mahali hapo hufanya kazi vizuri sana; hapa siipingi.

Kiwiko upande wa nje, kinachouma ukishika sufuria au ukikamua dekio, ni kano za misuli inayonyanyua kifundo cha mkono. Wafua nazi na mafundi wa bisibisi wanakijua. Pumzika kazi ile mahususi, kisha shika chupa ya maji ya lita moja, kiganja kikitazama chini, ishushe polepole na uipandishe kwa kusaidiwa na mkono wa pili. Itachukua miezi. Hupona.

Ganzi ina ramani yake:

- Gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete, usiku, unaamka unakung'uta mkono: mshipa umebanwa kwenye kifundo cha mkono. Wajawazito, wenye kisukari na wenye matatizo ya tezi ya shingo huupata zaidi. Lala na banzi linalonyoosha kifundo. Nyama ya chini ya gumba ikianza kunywea, usingoje.
- Kidole kidogo: mshipa unabanwa kiwikoni. Acha kuegemea viwiko.
- Miguu yote miwili na baadaye mikono, kama soksi na glavu: pima sukari. Uliza pia kuhusu pombe, na kama uko kwenye dawa za TB, uliza kama umepewa vitamini B6.
- Ganzi yenye baka la ngozi lililofifia lisilohisi: fikiria ukoma. Bado upo, unatibika, dawa ni bure.

Bega na shingo

Kwa bega kuna jaribio moja linalogawa njia. Jaribu kuinua mkono mwenyewe. Kisha legeza kabisa, mtu mwingine akuinulie.

Ukishindwa mwenyewe lakini akikuinulia unapanda, tatizo ni kano zinazozunguka bega. Wavuvi wanaovuta nyavu, wapaka rangi, wabeba ndoo. Maumivu yapo katikati ya safari ya mkono kwenda juu, na usiku ukilalia upande huo. Mazoezi ya kuvuta mpira uliokatwa kwenye tairi la ndani la baiskeli, viwiko vikiwa mbavuni, yanatosha wengi kwa wiki 12. Ila kama ulianguka na tangu siku hiyo mkono haunyanyuki kabisa, kano huenda imekatika. Usipoteze miezi kwenye mazoezi.

Hata akikuinulia haupandi, na kugeuza mkono nje kumegoma, bega limeganda. Huja zaidi kati ya miaka 40 na 60, na wenye kisukari wanaongoza. Nimewapeleka watu kupima sukari kwa sababu ya bega tu. Linachukua mwaka mmoja hadi mitatu kulegea. Sindano ya steroidi mapema hupunguza maumivu, ila mwenye kisukari ajue sukari itapanda siku chache. Kulivuta kwa nguvu, kukanyagwa, kupigwa kwa kiwiko cha mchuaji: hapana.

Maumivu yanayopita kiwiko hadi vidoleni, yakizidi ukigeuza shingo, yanatoka shingoni.

Shingo yenyewe, kwa wengi, ni mizigo ya kichwani, simu inayotazamwa kwa kuinama, na mto mrefu. Punguza hayo, geuza shingo taratibu kila upande mara kadhaa kwa siku.

Bega lililochomoka baada ya kuanguka na pikipiki lisirudishwe kijiweni. Lifungwe kwa kanga kama lilivyo, mkono ukiegemea tumbo, muende hospitali. Linaweza kuwa limevunjika pia.

Kisigino kinachochoma hatua za kwanza asubuhi

Karibu kila mara ni utando wa unyayo. Hatua za kwanza kitandani ni za mateso, kisha inapungua, jioni inarudi. Kusimama siku nzima kwenye sakafu ya saruji kwa kandambili bapa ndiko kunakoileta. Vaa kiatu chenye kisigino kidogo na soli nene, hata ndani ya nyumba. Nyoosha misuli ya nyuma ya ugoko ukiegemea ukuta, nusu dakika, mara tatu, kabla ya hatua za kwanza. Viringisha chupa ya maji yaliyoganda chini ya unyayo. "Mwiba" wa mfupa wa kisigino unaoonekana kwenye X-ray haung'olewi. Wapo wengi wenye nao wasioumwa. Vumilia miezi.

Kifundo cha mguu kimeteguka

Kwanza ujue kama umevunjika. Bonyeza ukingo wa nyuma na ncha ya kila jicho la mguu, la ndani na la nje. Mfupa ukiuma hapo kwa kubonyezwa, au ukishindwa kutembea hatua nne, nenda ukapigwe picha. Hapa X-ray ina haki yake.

Kama si hivyo: barafu ndani ya kitambaa dakika 15 hadi 20 kila baada ya saa chache, bandeji ya kubana kiasi, mguu juu ya mto. Siku mbili za kwanza maji ya moto na kuchua kwa nguvu huongeza uvimbe. Siku ya tatu anza kukanyaga na kuzungusha kifundo. Baada ya wiki moja, simama kwa mguu huo mmoja unapopiga mswaki. Anayeruka zoezi hili ndiye anayeteguka tena mwezi ujao.

Waunga mifupa wa kienyeji wanaheshimika, na sitaki kugombana nao. Lakini vijiti vya mianzi vilivyofungwa kwa kukaza vimewakatisha watu mikono na miguu. Vidole vikipoa, vikibadilika rangi, vikifa ganzi, au maumivu yakizidi baada ya kufungwa, fungua hapo hapo na ukimbie hospitali. Plasta ya hospitali nayo ina sheria hiyo hiyo.

Kidole gumba cha mguu kimewaka usiku, au viungo vingi kwa pamoja

Kidole kimoja kimevimba ghafla usiku, chekundu, hata shuka hukivumilii: jongo, ambalo wengi wanaliita gauti. Wanaume zaidi, na wanawake baada ya kukoma hedhi. Bia, nyama nyekundu na maini huchochea. Dagaa nao wamo, samahani kwa watu wa pwani. Vidonge vya kupunguza maji mwilini vya shinikizo la damu vinaweza kuchangia. Kipimo cha asidi ya yuriki kinaweza kusoma kawaida wakati wa shambulio lenyewe, na kinaweza kusoma juu kwa mtu asiye na jongo kabisa. Karatasi ya kipimo peke yake isikufanye uanze dawa ya maisha.

Viungo vidogo vya mikono yote miwili, vimevimba, kukakamaa zaidi ya saa moja asubuhi, kwa wiki sita au zaidi: baridi yabisi. Si ya hewa ya bahari wala ya kuoga maji baridi; ni kinga ya mwili inayoshambulia viungo. Kuna dawa zinazouzuia kuharibu mifupa, na zinafaa zaidi zikianza mapema. Hapa mazoezi peke yake hayatoshi.

Viungo vyote pamoja na homa: pima malaria kwanza. Ikiwa hakuna, kumbuka mbu wa mchana, anayeeneza homa za chikungunya na dengi. Chikungunya ilielezwa kwa mara ya kwanza baada ya mlipuko wa 1952 kwenye uwanda wa Makonde, kusini mwa Tanzania, na huacha maumivu ya viungo ya wiki au miezi. Dengi ilitupitia Tanga mwaka 2019. Mpaka dengi itakapoondolewa shakani, tumia parasetamoli tu; aspirini, ibuprofeni na diklofenaki huongeza hatari ya kutokwa damu.

Mtoto mdogo anayevimba vidole vya mikono na miguu, au anayelia mifupa mara kwa mara, apimwe selimundu. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa nayo duniani.

Dawa za maumivu na sindano

Diklofenaki, ibuprofeni na indometasini ni ukoo mmoja. Kuzichanganya hakuongezi nafuu, kunaongeza vidonda vya tumbo. Zinapandisha presha na kuumiza figo, hasa kwa wazee. Mjamzito asizitumie bila daktari, na zaidi kuanzia wiki ya 20. Zitumie siku chache, baada ya kula. Parasetamoli kwa mtu mzima isizidi vidonge vinane vya miligramu 500 kwa saa 24.

Sindano ya takoni haina nguvu ya ajabu kuliko kidonge. Ikichomwa vibaya inaweza kuugusa mshipa mkubwa wa mguu, na mtu akaondoka dukani akiburuta unyayo.

Dawa ya "mifupa" isiyo na lebo, inayoleta nafuu ya muujiza kwa siku mbili, ishuku. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kuhusu virutubisho vya viungo vilivyokutwa na deksametasoni na diklofenaki zisizoandikwa kwenye lebo. Deksametasoni, ambayo ni steroidi, hunenepesha uso, hupandisha sukari, hulainisha mifupa. Kama umeitumia kwa wiki nyingi usiikate ghafla. Daktari aipunguze hatua kwa hatua, kwa sababu mwili unakuwa umeshaacha kutengeneza steroidi yake wenyewe.

Ukienda zahanati au kituo cha afya, na ikibidi ukapewa rufaa ya kwenda Bombo, hospitali ya mkoa wa Tanga, vaa nguo inayopanda juu ya goti au bega kwa urahisi, nenda na picha zako za zamani, na beba kila dawa uliyotumia, pamoja na ile chupa isiyo na jina.